Kuwekea Oda Kitu Kisichoisha

Faili la muziki haliishi dukani. Watu milioni wakilipakua usiku mmoja, anayekuja kesho yake atalikuta vilevile. Santuri mtu huziwahi kwa kuwa zimetengenezwa chache. Albamu ya kupakua ina haraka gani hata iwekewe oda wiki kadhaa kabla haijatoka?

Haraka hiyo ni ya msanii zaidi kuliko ya mnunuzi. Oda zilizowekwa iTunes huhesabiwa kuwa mauzo siku albamu inapotoka, na Billboard hupanga chati zake wiki kwa wiki. Nakala zilezile zikiuzwa kidogo kidogo kwa miezi miwili, huenda hakuna atakayezigundua. Zikiangukia wiki moja, jina la msanii linapanda, na anayepanda huzungumziwa.

Adele alitoa wimbo wa "Hello" Oktoba 23, 2015. Albamu yake, "25", ikafuata Novemba 20. Katikati hapo kulikuwa na wiki nne, muda wa kutosha mtu kuupenda wimbo na kisha kuisahau albamu. Oda ndiyo iliyoziba pengo hilo: aliyenogewa aliagiza hamu ikiwa bado moto. Wiki ya kwanza, Marekani peke yake, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 3.3, za CD na za kupakua, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Mnunuzi naye hatoki mikono mitupu. Kwa kawaida iTunes haimkati pesa ya albamu hadi itoke, na mara nyingi hupewa wimbo mmoja au miwili papo hapo, aanze kuonja.

Wapo wasiohitaji haya yote. Desemba 13, 2013, Beyoncé aliiweka albamu yake iTunes bila tangazo wala oda, na ndani ya siku tatu zikauzwa nakala 828,773. Lakini huyo ni Beyoncé. Msanii asiyejulikana akinyamaza hivyo, kimya humjibu.

Kwa msanii mdogo, oda yenye maana zaidi pengine ni ya Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Huko mnunuzi hukatwa pesa siku anapoagiza, na akipenda huongeza juu ya bei. Kwa kawaida Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kupakua, na sehemu kubwa ya pesa inayobaki humfikia msanii kabla albamu haijatoka, wakati bado ana deni la studio.