Nyota za Usiku, Haki ya Usingizi na Amana ya Kazi

Mapenzi ya kutazama nyota yameingia katika nyumba nyingi za Waislamu. Simu ya mkononi ikielekezwa mbinguni humtajia kijana jina la kila nyota iliyo mbele yake, na mwenye darubini ndogo huwaita jirani zake waje kuona pete za Zohali. Hili ni jambo la kheri, kwani macho yanayoinuliwa mbinguni ni bora kuliko macho yanayokesha juu ya upuuzi.

Hata hivyo, kheri hii ina upande wake wa pili. Yuko baba anayekaa uani hadi saa nane za usiku, kisha asubuhi akasinzia mbele ya wateja wake. Yuko mwanafunzi anayelaza kichwa juu ya dawati kabla ya somo la pili. Na uzito ulio mkubwa zaidi ni kwamba adhana ya Alfajiri huikuta nyumba nzima ya watazama nyota imezama katika usingizi. Tunaandika makala haya kwa ajili ya nyumba hizo, tukiwa hatuna nia ya kuwakataza watu mbingu.

Mbingu ni aya

Katika Suratu Aal Imran, aya ya 190 na 191, Allah (SW) anatufahamisha kwamba katika kuumbwa mbingu na ardhi, na katika kupishana usiku na mchana, zimo ishara kwa wenye akili. Katika Suratul An'am tunakumbushwa kuwa nyota zimewekwa ili watu waongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu waliifahamu neema hiyo kwa vitendo, nao wakulima walikitazama Kilimia ili wajue msimu wa kulima.

Wanazuoni wa Kiislamu waliibeba elimu hii kwa uzito wake. Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeishi kati ya mwaka 903 na 986, aliandika kitabu cha nyota ambamo alikitaja kijiwingu kidogo cha mwanga. Leo tunajua kuwa kijiwingu kile ni kundi kubwa mno la nyota, ambalo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka milioni 2 kabla ya kutufikia. Ibn al-Shatir, mnajimu mkubwa wa karne ya 14, alikuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umawiyya, Damascus. Hadi leo nyota kadhaa zinatajwa duniani kote kwa majina yenye asili ya Kiarabu, kama vile Aldebaran, Altair na Deneb.

Elimu tunayoizungumzia hapa ni ile ya mwendo na maumbile ya nyota. Utabiri wa bahati kwa nyota ni mlango mwingine, na Uislamu umeufunga.

Haki zinazogongana

Pamoja na ukubwa wa ishara hizo, Qur'an hiyo hiyo katika Suratun Nabaa inatueleza kwamba usingizi umefanywa kuwa mapumziko, usiku kuwa vazi, na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha. Usingizi basi ni neema iliyotajwa kwa jina lake, na haifai kuudhania kuwa muda unaopotea.

Abdullah bin Amr (RA) alipokuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (SAW) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Ikiwa ibada iliyo wazi kama Qur'an na sala iliwekewa mpaka ili haki hizo zisipotee, kutazama nyota hakuwezi kukosa mpaka.

Ipo pia habari ya Umar bin al-Khattab (RA), ambaye asubuhi moja hakumwona Sulayman bin Abi Hathma katika sala ya Alfajiri. Alipomuuliza mama yake, alijibiwa kwamba Sulayman alikesha akisali, kisha usingizi ukamshinda. Umar alisema kuwa kuhudhuria sala ya Alfajiri kwa jamaa kunampendeza zaidi kuliko kusimama usiku mzima. Aliyekosa jamaa siku ile alikuwa amekesha katika sala. Sisi tunaoikosa kwa kukesha na darubini tutatoa udhuru gani?

Kazi nayo ni amana. Mwajiri amenunua saa zetu zikiwa na akili timamu ndani yake. Mwalimu, muuguzi au fundi anayefika kazini na mwili usiolala huwa ametoa nusu ya alichoahidi na kupokea malipo kamili. Kwa dereva wa basi au wa bodaboda jambo linavuka mpaka wa malipo na kugusa roho za watu. Watafiti wamebaini kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, uangalifu wake hushuka hadi kukaribia ule wa mtu aliyekunywa pombe. Muislamu anayejiepusha na tone la kileo hapaswi kuridhika kushika usukani akiwa katika hali inayofanana nacho.

Wataalamu wa afya wanashauri mtu mzima alale saa 7 au zaidi kwa usiku. Kijana wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Hesabu ya nyumba ianzie hapo.

Ratiba ipo ukutani

Familia nyingi hazijui kwamba ratiba bora ya kutazama nyota tayari imetundikwa ukutani mwao, nayo ni ratiba ya sala. Wakati wa Isha huingia pale wekundu na weupe wa magharibi unapotoweka, na ratiba nyingi huuhesabu kwa jua kufika nyuzi 18 au karibu na hapo chini ya upeo wa macho. Nyuzi hizo 18 ndicho kipimo ambacho wanaastronomia hukitumia kusema kuwa giza limekamilika. Kwa maneno mengine, muadhini wa Isha anapoita, mbingu iko tayari.

Nasi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa wepesi wa pekee. Dar es Salaam giza hilo hukamilika kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku, mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London hawalipati kabisa katika mwezi wa Juni, na ndiyo maana wakati wa Isha huzua mjadala huko kila kiangazi. Hatuna basi sababu ya kusubiri usiku wa manane. Anayesali Isha msikitini, akatoka na wanawe uani hadi saa tatu, akawa kitandani saa tatu na nusu, ataamka saa kumi na nusu alfajiri akiwa amelala saa 7 kamili.

Kalenda ya Hijria nayo hutusaidia. Mwezi mpevu hufuta nyota nyingi, na kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo kuanzia tarehe 18 hivi hadi mwandamo, na siku mbili tatu baada yake, saa za mwanzo wa usiku huwa na giza. Katika siku kumi za kwanza, giza hupatikana mwishoni mwa usiku, mwezi ukiwa umekwishatua. Siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, hazifai kwa nyota. Bora zitumike kwa funga ya Sunna na kulala mapema.

Kulala kwanza, kutazama baadaye

Ibn Abbas (RA) anasimulia usiku aliolala nyumbani kwa dada wa mama yake, Bibi Maimuna (RA), mke wa Mtume (SAW). Mtume alizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala. Ilipofika theluthi ya mwisho ya usiku aliamka, akaitazama mbingu, akasoma aya za mwisho za Suratu Aal Imran, kisha akatawadha na kusali.

Tuzingatie mpangilio wa usiku ule: mke alipata haki yake, mwili ukapata haki yake, kisha mbingu ikatazamwa, na sala ikafuata. Wengi wetu tumeupindua mpangilio huo. Tunaanza na mbingu, mke anabaki peke yake, na usingizi unaila sala.

Anayeufuata mpangilio huu hakosi kitu hata kwa mizani ya elimu ya nyota. Vimondo huonekana kwa wingi zaidi baada ya usiku wa manane, kwa sababu upande wetu wa dunia wakati huo umeelekea kule dunia inakokwenda. Vimondo vya Geminidi, ambavyo hufikia kilele karibu na tarehe 14 Desemba kila mwaka, hung'ara vizuri saa za baada ya saa nane usiku. Mahali pasipo na taa, mwenye kuamka mapema anaweza pia kuiona ile alfajiri ya uongo, nguzo ya mwanga hafifu inayosimama wima mashariki kabla ya alfajiri ya kweli kutanda upande kwa upande. Mwanga huo ni wa jua, ukiakisiwa na vumbi lililosambaa baina ya sayari. Mafakihi waliutofautisha ili mfungaji asiache daku kabla ya wakati.

Makubaliano ya nyumbani

Tunapendekeza kila nyumba ikubaliane mambo machache. Kwanza, usiku wa kutazama kwa muda mrefu uwe mmoja kwa wiki, nao uwe usiku wa kuamkia siku isiyo na kazi wala shule. Pili, saa ya kuingia ndani itajwe kabla ya kutoka, maana mwenye darubini mkononi haoni saa. Tatu, simu ikae mbali. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mkali wa simu huivunja kazi hiyo kwa sekunde moja, tena hukawiza usingizi. Tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu inatosha. Nne, anayepanga kuamka usiku apate usingizi mfupi wa mchana, kailula, ambao wema waliotangulia waliudumisha. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.

Mwenye zamu ya usiku na mama anayenyonyesha wasidai kwa nyota usingizi ambao hawanao. Nyota zilizoonekana leo zitarudi mwakani mahali pale pale na msimu ule ule.

Kipimo cha mwisho ni chepesi. Usiku uliotumika vizuri chini ya mbingu hutufikisha katika safu ya Alfajiri tukiwa macho, na kazini tukiwa na nguvu. Ukitukosesha mojawapo, tupunguze saa. Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzitafakari ishara zake na kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.