Mtoto Mwenye Ukoma na Dhana ya Mimba ya Hedhi

 

Katika darsa zetu hapa Ngarenaro kuna suala linalorudi, aghlabu kwa sauti ya chini na aghlabu kutoka kwa akina mama: je, ni kweli kwamba mtoto akipata ukoma ni kwa sababu mimba yake iliingia mama akiwa katika hedhi? Wengine husema ni laana ya ukoo, au amerogwa. Hizo mbili hatutazirefusha, kwani Mtume (s.a.w.) alikwishakanusha mikosi, na hukumu ya kumwendea mpiga ramli inajulikana. Hiyo ya hedhi ndiyo nzito, kwa kuwa imevishwa kanzu ya dini.

Asili yake ni riwaya yenye maana hiyo aliyoipokea At-Tabarani katika Al-Mu'jam Al-Awsat, nayo wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Imam Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) naye amelitaja jambo hilo katika Ihyau Ulumid-Din, kwenye adabu za ndoa, lakini kwa neno "qiila", yaani "imesemwa". Mwanafunzi wa Kiarabu anajua kuwa hiyo si sigha ya kuthibitisha. Balaa ni kwamba "imesemwa" ya kitabuni ikifika barazani hugeuka "amesema Mtume". Kumwingilia mke katika hedhi ni haramu kwa nassi ya Qur'an (2:222), na uharamu huo hauhitaji kutiwa nguvu kwa ngozi ya mtoto. Tena Qur'an imekata shauri (6:164) kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine.

Tazama sasa dhana hii inafanya nini. Mama anaona baka limepauka mgongoni mwa mwanawe. Kumpeleka zahanati, kwake, ni kutangaza siri ya chumbani. Basi analifunika kwa nguo, anapaka mafuta, anangoja. Baka la ukoma haliumi wala haliwashi; ukiligusa kwa pamba mtoto hahisi, na kutohisi huko ndiyo dalili. (Asilichanganye mtu na baras, yaani mbalanga: hiyo hupoteza rangi ya ngozi bila ganzi, wala haiambukizi.) Anapongoja, mishipa ya fahamu inakufa, vidole vinapinda, na kilichopinda dawa haikirudishi.

Ugonjwa huu, judham, unatokana na vijidudu alivyovigundua Hansen, tabibu wa Norway, mwaka 1873. Huambukizwa kwa njia ya hewa, kwa kukaa muda mrefu karibu na mgonjwa asiyetibiwa, na dalili huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kujitokeza. Kwa hiyo mtoto akiugua, uwezekano mkubwa ni kwamba karibu naye yupo mtu mzima ambaye hajatibiwa. Huyo ndiye wa kutafutwa, si siku za mama. Dawa mseto hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12. Moja ya dawa hizo huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi, na wazazi wengine huikatisha kwa hofu. Weusi huo hupungua baada ya tiba kwisha.

Atasema msomaji: mbona Mtume (s.a.w.) ameamrisha kumkimbia mwenye ukoma kama mtu amkimbiavyo simba? Ni kweli, imo katika Sahih Al-Bukhari, na katika hadithi hiyo hiyo amekanusha maambukizo. Wanazuoni wamezikusanya kauli mbili hizo: maradhi hayaambukizi kwa nguvu zake yenyewe, bali kwa kadari ya Allah, na kujihadhari ni katika kushika sababu. Haikuwa amri ya kumtupa mgonjwa. Khalifa Al-Walid bin Abdil-Malik (aliyetawala mwaka 86 hadi 96 Hijria) aliwapangia wenye ukoma posho wasiombe njiani.

Mafakihi waliomzuia mwenye ukoma asiingie msikitini walijenga hukumu juu ya madhara kwa wengine, na hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Mgonjwa aliyeanza dawa mseto huacha kuambukiza katika muda mfupi sana. Ustadh mwenye mtoto wa namna hiyo chuoni hana hoja ya kifiqhi ya kumtenga mkeka wake, na wazazi wa wenzake wakija kulalamika, yeye ndiye wa kuwaeleza.