Kwa nini nahodha husubiri maji mlangoni mwa Mto Wami

Na Mwandishi Wetu, Chalinze

ABIRIA wa basi anayevuka Daraja la Wami, katika barabara ya Chalinze hadi Segera, huyaona maji ya mto yakielekea upande mmoja tu. Lakini mto huo huo unapoingia baharini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, maji hugeuka na kupanda mtoni mara mbili kwa siku. Kwa wavuvi, na kwa watalii wanaopanda boti kutazama viboko, kutoijua saa ya mgeuko huo ni hatari.

Chanzo ni mvuto wa mwezi na jua. Katika mwambao wetu maji hujaa baada ya kila saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana saa ya leo si ya kesho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni karibu meta 1.

Mlangoni mwa mto mambo ni magumu zaidi. Mto hushusha mchanga, nayo mawimbi huurundika kuwa mafungu yanayohamahama. Jedwali la maji la bandarini halitoshi, kwani mtoni maji huchelewa kugeuka, na mafuriko ya masika huyazidishia kasi yanapotoka. Yakipambana na upepo wa baharini, mawimbi huinuka ghafla juu ya fungu, penye kina kidogo kabisa. Hapo ndipo boti ndogo hupinduka.

Kwa hiyo nahodha makini huingia maji yakiwa bado yanajaa. Akipanda mwamba au fungu, maji yatamwinua. Aliyekwama maji yakitoka hulaliwa na chombo ubavu, akisubiri yarudi. Aliyekwama kwenye kilele cha bamvua ana balaa kubwa zaidi: maji ya siku zinazofuata hayafiki tena pale, na huenda akangoja wiki mbili.

Kusini yake, Bagamoyo, ufuo una kina kidogo hata meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya Wajerumani kuhamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891. Majahazi, yenyewe, yangali yakitumia ufuo huo: huja na maji, na maji yakipwa hukaa mchangani, wapagazi wakishusha mizigo kwa miguu.