Sufuria kubwa kiasi gani, na mfuko wa kitambaa gani?



Vikundi vya akina mama wanaopika pombe ya ulezi na ya mtama, toka Beni mpaka Butembo, wana swali moja linalorudi kila mara: tukichanga faranga zetu, tununue nini kwanza? Siye tunajibu: sufuria na mfuko wa kuchujia. Vingine vyote mnaweza kuazima.

Njia yenyewe ni nyepesi. Kimea kilichosagwa kinatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko unakaa ndani ya sufuria yenye maji moto muda wa saa moja, kisha mnauinua. Maji tamu yanabaki chini, machicha yanabaki ndani ya mfuko. Hakuna tena kumwaga toka chombo hiki kwenda kile na kukamua kwa nyasi huku nusu ikimwagika. Wapika pombe wa nyumbani wa Australia ndio walioieneza, katika miaka ya 2000, kwa sababu hawakutaka kununua vyombo vitatu. Sababu hiyo hata huku tunaielewa vizuri.

Tuanze na ukubwa wa sufuria, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Tuseme mnataka litre 20 za pombe kwa kilo 5 za kimea. Kimea kitakunywa karibu litre 5 za maji. Mkichemsha saa moja, litre 3 hivi zitapanda kuwa mvuke. Basi mnaanza na litre 28. Halafu kimea chenyewe kinachukua nafasi: kilo 5 ni kama litre 3 na nusu. Sasa mko juu ya litre 31, na povu bado halijapanda. Sufuria ya litre 30 imeshindwa. Mnahitaji ya 40. Kwa kukumbuka: sufuria iwe mara mbili ya pombe mnayotaka.

Hata hivyo, kikundi kikituuliza, hatushauri ile ya litre 40. Tunashauri mbili za litre 20, kila moja kwa kilo 2 na nusu za kimea na litre 10 za pombe. Ni kweli zinakula kuni zaidi. Lakini mfuko wa kilo 5 uliolowa, ukiinuliwa, unakaribia kilo 15, nao unadondosha maji yanayounguza. Na kuna jambo lingine ambalo kila mtu hapa analijua: siku watu wanapokimbia, sufuria ya litre 20 mama anaibeba kichwani na vitu vyake ndani. Ile kubwa inabaki, na mkirudi hamuikuti.

Ya chuma gani? Chuma kisichoshika kutu ni bora, ila bei iko juu. Sufuria nyepesi za aluminiumu za kiwandani, zile zinazopita Kasindi toka Uganda, zinafaa kwa kupikia, lakini msiache pombe ichachie ndani yake: uchachu unakula aluminiumu. Zile nzito zinazomiminwa na mafundi kwa vyuma chakavu, tuwe waangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya sufuria za namna hiyo toka Kameruni ulionyesha kwamba zinaweza kutoa risasi ndani ya chakula, na risasi inadhuru akili ya mtoto. Fundi hana kosa, hajui betri gani au kipande gani cha injini kiliingia kwenye moto wake. Ndoo za bati zenye rangi ya zinki msizitumie kabisa kwa kitu kichachu. Pipa lililokuwa na mafuta ya gari au dawa ya shamba halioshwi likatakata, hata mkitumia majivu mara kumi.

Sasa mfuko, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Tumeona watu wakichuja kwa kipande cha chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo imewekwa ikae ndani ya nyuzi miaka, na maji moto yanaitoa. Mtu akichujia pombe humo, wanywaji wanakunywa dawa, na watoto wake wanalala bila chandarua. Vilevile gunia la mbegu zilizopakwa dawa, au la mbolea: hapana.

Kinachofaa ni kitambaa chepesi cha rido, kile cheupe kinachopitisha mwanga, kisichopakwa rangi. Kinavumilia moto, hakinywi maji mengi, na kinakauka upesi. Pamba pia inafaa, ila inashika harufu na kuoza. Shoneni mfuko mpana kuliko sufuria, ili mdomo wake ukunjwe nje na kufungwa kwa kamba. Mshono upigwe mara mbili. Kimea kisagwe kiwe chenga. Kikiwa unga laini kama wa fufu, kitambaa kinaziba na mtakamua mpaka jioni.

Kitunga kinaingia chini ya mfuko. Sisi mara ya kwanza tulidharau, tukaona mfuko unatosha. Tulipochochea moto, kitambaa kiligusa chini kikaungua, na kimea chote kikamwagika ndani ya maji. Tulikunywa uji wiki ile. Tangu hapo tunaweka kitunga cha mianzi kisichopakwa rangi, chenye miguu ya sentimita 5 na masikio mawili juu. Mnapitisha fimbo kwenye masikio, watu wawili wanainua, na kitunga kinakaa juu ya vijiti viwili kudondosha maji. Watoto wawe mbali.

Bila kipimajoto mtafanyaje? Butembo, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,700, maji yanachemka karibu digrii 94, siyo 100. Chemsheni vipimo vitatu, ondoeni sufuria motoni, ongezeni kipimo kimoja cha maji baridi, kisha ingizeni mfuko. Mtakuwa karibu na digrii 70, panapofaa ulezi na mtama. Funikeni kwa blanketi, msichochee moto tena. Mkimwaga kimea ndani ya maji yanayotokota, mnaua kile kinacholeta utamu, na pombe haitachacha vizuri.

Kwa kuchachishia, tazameni nyumbani kwanza. Zile ndoo zenye robine tulizonawia mikono wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, nyingi bado zipo. Kama ndani yake ilikuwa klorini tu, osheni vizuri, suuzeni mpaka harufu iishe, zitafaa. Robine ifunguliwe na kusuguliwa, maana uchafu unajificha humo.

Machicha yapewe nguruwe na kuku siku ileile, yakilala yanaota ukungu. Mfuko uoshwe kwa maji moto bila sabuni, uanikwe juani, na mtu mmoja wa kikundi aandikwe kwenye daftari kuwa ndiye anayeutunza.