Gitaa lisiposikika: Ifahamu kazi ya pedali ya ikwalaiza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAKAZI wa Kiseke, katika Manispaa ya Ilemela jijini Mwanza, hawana haja ya kusafiri mbali ili kusikia gitaa la umeme. Jumapili sauti yake hutoka makanisani, na mwishoni mwa wiki hutoka kwenye kumbi za sherehe. Hata hivyo, si mara zote sauti hiyo humfikia msikilizaji kama mpigaji alivyokusudia.

Malalamiko yaliyozoeleka ni mawili. Kwanza, gitaa linamezwa na vyombo vingine hadi mpigaji anaonekana kuchezesha vidole bure. Pili, likisikika, linachoma masikio.

Katika hali hiyo, wengi hukimbilia kusema kuwa gitaa limechakaa au amplifaya ni dhaifu, na michango huanza kukusanywa ili kununua vifaa vipya. Kabla ya fedha hizo kutumika, ni vema kuchunguza kama tatizo si mpangilio wa masafa ya sauti, jambo linaloweza kurekebishwa kwa kifaa kidogo kinachokaa miguuni mwa mpigaji: pedali ya ikwalaiza.

Masafa ni nini?

Kila sauti ni mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukipigwa bila kubanwa, hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema kama mara 41.

Lakini noti haiji peke yake. Hufuatana na mitetemo mingine ya juu zaidi, ambayo ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ule wa msingi, na kuendelea. Uwiano wa mitetemo hiyo ni sababu mojawapo kubwa inayotuwezesha kutofautisha gitaa na kinanda hata vinapopiga noti ileile. Ikwalaiza haibadili noti. Inachogusa ni uwiano huo.

Tuchukue mfano wa pedali ya Boss GE-7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981. Ina vitufe saba vya kusukuma juu na chini, vinavyosimamia hezi 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200 na 6,400. Kila kimoja kinaweza kuongeza au kupunguza hadi desibeli 15. Kitufe cha nane ni cha kiwango cha sauti nzima.

Msomaji ataona kuwa kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Kwa mwanamuziki, hiyo ni oktavu moja. Ni vema pia kufahamu kwamba ongezeko la desibeli 10 husikika kama sauti imekuwa kubwa karibu maradufu. Hivyo desibeli 15 ni nyingi mno. Kwa kazi nyingi, tatu au nne zinatosha.

Kila kitufe na kazi yake

Hezi 100 na 200 hutoa uzito, lakini hapo ndipo pia zilipo besi na dramu kubwa ya mguu. Hezi 400 zikizidi, gitaa husikika kama linapigwa ndani ya pipa. Kuanzia 800 hadi 1,600 ndipo kilipo kiini cha gitaa, sehemu inayolifanya lipenye katikati ya vyombo vingine.

Hezi 3,200 hubeba ukali wa kidole kinapogusa uzi. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, kwa hiyo ziada ndogo hapo huchosha wasikilizaji haraka. Hezi 6,400 huleta mng'ao, lakini huongeza pia mchakato wa vifaa vyenyewe.

Sasa tuseme kijana anafanya mazoezi peke yake nyumbani kwa sauti ndogo. Anapandisha vitufe vya pembeni na kushusha vya katikati, hadi vinapanga umbo la herufi V. Sauti inakuwa tamu.

Sababu inajulikana. Tangu mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio husikia masafa ya chini kwa udhaifu zaidi kuliko ya kati. Kijana huyo anafidia upungufu wa sikio lake bila kujua.

Jumapili anakuja na mpangilio uleule. Besi inafunika sauti zake za chini, matoazi ya dramu yanafunika za juu, na zile za kati ambazo zingemwokoa amezishusha mwenyewe. Anaongeza sauti, wa kinanda naye anaongeza, fundi mitambo anapandisha waimbaji. Mwishowe ni kelele, na maneno ya wimbo hayasikiki.

Tiba ni kinyume cha alichofanya. Ashushe hezi 100 ili kuipa besi nafasi, kisha aongeze desibeli tatu au nne katika 800 au 1,600. Gitaa litasikika bila kuongeza sauti kwa jumla. Akimsindikiza mwimbaji, apunguze kidogo hapo ili maneno yapite.

Hekima hiyo si ngeni katika ukanda huu. Katika muziki wa dansi, gitaa la solo, la ridhimu na la besi kila moja lina nafasi yake, na Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alijulikana kwa solo inayosikika waziwazi juu ya bendi nzima. Vivyo hivyo kwa benga ya D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara aliyefariki mwaka 2006, ambamo gitaa hufuata mlio wa nyatiti, mkavu na wenye kupenya.

Gitaa kuingizwa moja kwa moja kwenye miksa

Mahali pasipo na amplifaya ya gitaa, waya huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa. Spika ya amplifaya ya gitaa kwa kawaida hupunguza sana masafa yanayozidi hezi 5,000 hivi. Spika za ukumbini hutoa yote, na ndiyo maana gitaa huchoma. Dawa ni kushusha 6,400 na kupunguza 3,200.

Kwa wanaotumia pedali ya kukwaruza sauti, mpangilio una maana. Ikwalaiza ikitangulia, huamua ni masafa yapi yakwaruzwe zaidi. Ikifuata, hurekebisha sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Aidha, spika zikianza kupiga mluzi, kushusha kitufe kimojakimoja husaidia kugundua ni masafa yapi yanayojirudia.

Tahadhari mbili zinahitajika. Pedali nyingi za aina hii hutumia umeme wa volti 9, na nyingi huhitaji adapta ambayo ncha yake ya kati ni hasi. Adapta isiyofaa inaweza kuiunguza. Pili, ikwalaiza haiwezi kuongeza kisichokuwapo. Nyuzi zilizoshika kutu na waya uliokatika ndani vitabaki na kasoro zake.

Kwa hiyo, kabla kikundi hakijatangaza mchango wa gitaa jipya, kifanye jaribio hili wakati wa mazoezi ya pamoja, kwa kiwango cha sauti cha siku ya ibada. Badilisha nyuzi na waya. Weka vitufe vyote katikati. Punguza kinachozidi kabla ya kuongeza kinachopungua, na mtu mmoja asimame nyuma ya ukumbi kusikiliza, kwani mpigaji hasikii kile waumini wanachosikia. Ikiwa baada ya hapo gitaa bado limefifia, mchango utakuwa na sababu.