Acheni kumtisha mtoto kwa Mungu: dini inaanzia nyumbani

Haya wadau, leo tuiweke siasa pembeni kidogo tuongee mambo ya nyumbani. Najua wengi wenu bado vijana, wengine hamjaoa wala kuolewa. Lakini nyumbani kuna wadogo zenu, kuna watoto wa kaka na dada, na wengine tayari mnaitwa baba fulani. Huyo dogo wa miaka 3 au 4 anafundishwa dini kila siku, hata kama hakuna aliyekaa naye chini.

Sikiliza tunavyoongea nao. "Usipokula namwita daktari akuchome sindano." "Nyamaza, polisi anakuja." Halafu kwenye foleni hiyo hiyo tunampanga na Mungu: "Mungu anakuona, atakuchoma moto!" Sasa mtoto wa umri huo hajui kwamba unamtisha tu ili amalize uji. Neno analichukua kama lilivyo. Jumapili anaambiwa Mungu huyo huyo ni Baba na anampenda. Ashike lipi?

Ukiuliza, wengi jibu lao ni "si anaenda shule ya Jumapili?" Jamani, wiki ina masaa 168, kule anakaa lisaa limoja hivi. Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, aliwalenga watoto maskini waliokuwa kazini siku nyingine zote, na walifundishwa hata kusoma. Haikuwa mbadala wa wazazi.

Mliosoma kipaimara KKKT mnaikumbuka Katekisimu Ndogo, mliikariri mpaka kichwa kikauma. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya kukagua sharika za Saxony na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi. Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba aliwalenga wenye nyumba, wafundishe watu wa nyumbani mwao. Sehemu zake zilitoka kwanza kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani! Wakatoliki nao, Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964 uliiita familia kanisa la nyumbani. Na ukisoma habari za Timotheo, imani yake Paulo anaihusisha na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake anatajwa tu kwamba alikuwa Myunani. (Akina baba mpo?)

Sasa unaanzia wapi? Anza na shukrani. Mtoto mdogo kabisa anaweza kusema asante Mungu kwa ugali, kwa mama, hata kwa paka. Dakika 5 kabla ya kulala zinatosha, ukizidisha anasinzia au anaanza fujo. Baba Yetu mpe kipande kipande, wiki hii mstari mmoja, na umweleze maana yake kwa maneno ya nyumbani. Uumbaji mweleze akiwa na embe mkononi. Mfano wa kondoo aliyepotea, mtoto aliyewahi kupotea sokoni ataushika haraka kuliko wewe. Habari ya Ibrahimu kutaka kumtoa Isaka sadaka, kwa maoni yangu, iache mpaka akue, maana atabaki anamwangalia baba yake kwa wasiwasi. Na ukimgombeza kwa kosa ambalo si lake, muombe msamaha. Hapo ndipo anapoona msamaha ni kitu gani.

Pagumu kuliko pote ni msiba. Bibi amefariki, nyumba imejaa watu, dogo anauliza bibi yuko wapi. Tunamwambia "amelala". Usiku anagoma kulala, na mnashangaa! Au tunamwambia "Mungu amemchukua", basi anaanza kumuogopa huyo Mungu anayechukua watu, asije akamchukua na mama. Sema ukweli kwa maneno mafupi: bibi amekufa, hapumui tena, haumwi tena, hatarudi nyumbani. Halafu mwambie Wakristo tunaamini yuko kwa Mungu, na siku moja tutaonana naye. Muache alie. Kesho atauliza tena swali lile lile, na keshokutwa. Mjibu vile vile bila kukasirika, ndivyo anavyolielewa polepole. Akiuliza usilolijua, kwa mfano kama mbinguni kuna mpira, mwambie hujui. Mungu haanguki kwa sababu anko hajui.

Jambo jingine ni dada wa kazi. Nyumba nyingi za mjini yeye ndiye anayeshinda na mtoto, na usiku ndiye anayelala naye. Mama anafundisha upendo jioni, mchana kutwa mtoto anatishiwa shetani yuko chooni. Kaeni nae, mkubaliane maneno ya kutumia, tena kwa heshima, si kwa kumfokea. Huenda nyimbo na visa vya Biblia anavijua kuliko nyie.

Haya, mliolelewa na bibi zenu mlifundishwaje? Na lile swali la msiba, madogo wenu mnawajibu nini? Mwageni maoni hapo chini.