Si Kila Chakula Kinachodhuru ni Mzio

Katika bwalo letu la chakula husikika mara kwa mara mwanafunzi akisema, "Mimi nina aleji ya maharage," na mwingine, "Maziwa ni mzio wangu." Wako wanaosema kweli, na wako wanaodhani tu. Wako pia wanaowacheka wote pamoja kwamba wanadeka. Nimeona yafaa kulieleza jambo hili, maana kulikosea kwaweza kumnyima mtu chakula chema bure, au kumtoa roho.

Neno mzio ni la zamani. Wazee walilitumia kwa chakula chochote ambacho mtu amekatazwa, ama kwa desturi, ama kwa kuwa kinamdhuru. Siku hizi madaktari hulitumia kwa maana ya aleji, neno lililobuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna. Ili tuone tofauti, tuwatazame wanafunzi watatu waliodhurika baada ya kula.

Wa kwanza amekula karanga chache. Hata robo saa haijapita, midomo imemvimba, ngozi imetoka mabaka yanayowasha, naye anahema kwa shida. Huu ndio mzio wa kweli. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mtu huyu, askari hao wameikosea protini ya karanga wakaidhani adui. Hapo mwanzo walitengeneza silaha, yaani kingamwili, bila dalili yoyote kuonekana. Protini ile ikirudi, chembe za mwili humwaga histamini na kemikali nyingine, nazo huvimbisha mwili na kubana njia ya pumzi. Kwa wengine punje moja yatosha, au hata mwiko uliokorogea mchuzi wa karanga. Mzio wa namna hii huletwa pia na mayai, maziwa, samaki, kamba, kaa, ngano, soya, ufuta na korosho.

Wa pili amekunywa kikombe kikubwa cha maziwa. Baada ya saa moja tumbo linaunguruma, limejaa gesi, naye anahara. Lakini ngozi yake ni salama na pumzi yake ni nzuri. Yaelekea huyu hana mzio. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, ambayo husagwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga wanacho tele, lakini watu wengi duniani hupungukiwa nacho wanapokua. Katika jamii za wafugaji wengi hubaki nacho. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza kwamba wameona kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan mabadiliko ya urithi yanayoleta hali hiyo, tena tofauti na yale ya watu wa Ulaya. Mwanafunzi huyu mara nyingi aweza kunywa maziwa kidogo, au mtindi, ambao bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake. Gesi ya maharage nayo hutokana na sukari ambazo utumbo wa binadamu hauwezi kuzisaga. Huo si mzio.

Wa tatu amekula jodari. Uso unamwaka moto, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha. Mtu atasema, "Mzio wa samaki!" Lakini wenzake waliokula samaki yule yule wana dalili zile zile. Samaki huyo alikaa kwenye joto, bakteria wakatengeneza histamini katika nyama yake, na kumpika hakukuiondoa. Kosa si la mwili wa mlaji, bali la utunzaji wa samaki.

Basi mtu akidhurika, tujiulize: Dalili zilianza baada ya muda gani? Ni tumbo tu, au ngozi na pumzi pia? Alikula kiasi gani? Je, hurudi kila anapokila chakula hicho? Wangapi wameugua pamoja naye? Majibu hayo apelekewe daktari. Vipimo vya ngozi na damu husaidia, lakini peke yake havitoshi. Mtu aweza kuonekana na kingamwili na bado akala chakula hicho bila madhara.

Lakini mwenzetu akianza kushindwa kupumua au kuzimia, tusikae kupambanua. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na hospitali mara moja. Alazwe, miguu ikiinuliwa. Akihema kwa shida, aachwe akae. Asisimamishwe wala kutembezwa.

Wazazi, mwenye mzio aandikiwe hivyo kwenye fomu ya shule. Walimu, mpishi naye aambiwe. Nasi wanafunzi, tusimlazimishe mtu kula anachokikataa kwa sababu hiyo, wala tusijipachike mzio tusio nao tukaacha mayai na maziwa, ambavyo mwili unaokua unavihitaji.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne